Masikio ya Kijiko

Machano alileta trekta saa mbili kasorobo,
akaliacha linaguruma mbele ya karakana yangu, Mtambile,
kama mgonjwa aliyekataa kitanda.
"Litie masikio," akasema.

Kijiko kile kimezoea kuchota:
mchanga, samadi, kifusi,
udongo mwekundu wa njia ya Kengeja.
Kuchota si kuinua.
Kinachochotwa hulala kiganjani.
Kinachoinuliwa huning'inia,
na kinachoning'inia kina mawazo yake.

Mwaka jana walizungusha mnyororo mdomoni mwa kijiko,
wakaukaza kwa waya na bismillahi.
Pete ya zege ya kisima ikapanda hadi usawa wa kiuno,
mnyororo ukateleza penye ukingo uliolika,
na vidole viwili vya Ngwali
vikabaki upande wa pili wa siku ile.

Sikumlaumu mtu.
Waya ule niliuuza mimi.

Kwa hiyo sikuanza na moto. Nilianza na nyundo ndogo,
nikaligonga bati inchi kwa inchi, nikisikiliza.
Katikati linalia *pwaa*, jembamba;
ukilipachika kitu hapo litakunjika kama chapati.
Pembeni, juu ya zile kuta mbili, linajibu *ti*,
sauti ya mtu anayelipa madeni yake.
Hapo nikaweka chaki.
La kati sikulitaka. Machano alilitaka,
"kwa mizigo midogo midogo," akasema,
kana kwamba mzigo hujitambulisha.

Nilikuwa na pete za mnyororo wa nanga
kutoka chuma chakavu cha Mkoani,
kila moja nzito kama mtoto wa wiki.
Nikazipasua kwa grenda: nusu pete, sikio.
Chini ya kila sikio kibao cha milimita kumi,
kipana kuliko kiganja,
mzigo usije ukasimama kwa mguu mmoja.
Nikakwangua rangi na kutu mpaka chuma kikacheka.
Vijiti vya kuchomea vilikesha juu ya jiko,
maana kijiti chenye unyevu huacha vitundu,
na mimi sikuwa napika mkate wa kumimina.

Umeme ulikatika mara mbili.
Mara ya pili nilikuwa katikati ya mshono.
Nikaukata wote, nikaanza upya;
mshono uliolala njiani hauamki na nguvu zilezile.
Machano akatazama saa.
Mimi nikatazama mkono ulioivaa.

Alhamisi akaja Ngwali, hakuitwa.
Akaomba nyundo. Akaishika kwa vitatu vilivyobaki,
akayagonga magamba meusi yakaruka,
chini yake mshono uking'aa, umejipanga kama ukili.
Akainama, akasikiliza, akaenda la pili, la tatu.
"La kati liongeze kwa nyuma."
Nikaongeza.

Bondeni, Subira Vuai, mshika fedha wa ushirika,
aliwafukuza wote kwa ncha ya kanga:
"Chini ya mzigo hapana ndugu! Rudi nyuma! Nawe Machano,
polepole, hiyo si harusi!"
Pete ikaondoka ardhini.
Ikazunguka kidogo, kama inatafuta kibla,
ikatulia.
Watu wote waliitazama pete.
Ngwali na mimi tulitazama pembe za kijiko,
pale chuma cha watu kinapokutana na chuma changu.
Ikashuka, ikakaa juu ya mwenzake.
Mtu akapiga kigelegele. Mimi nikakumbuka kupumua.

Sikio la kufa, husemwa, halisikii dawa.
Haya mawili yalisikia.

Waya wa kufungia siuzi tena.
Wakiuliza nasema umekwisha.
Na kila Ijumaa, trekta likipita,
Machano hupunguza mwendo bila kuambiwa,
nami natoka na nyundo ndogo.
La kulia: *ti*.
La kushoto: *ti*.
La kati linangoja kidogo, halafu linajibu,
na ule ungojaji siupendi.